Kwera wa minazi au kwera dhahabu? Namna ya kuwatenga ukiwa Malindi

Hapa kwetu ndege wa manjano anayesuka kiota kwenye kuti ni mnana tu, basi. Lakini kando ya mto Sabaki wako wa aina mbili, na mgeni aliyekulipa umtembeze atakuuliza yupi ni yupi. Mimi huwaita kwera wa minazi (Ploceus bojeri) na kwera dhahabu (Ploceus subaureus). Mwenye kichwa cheusi muache, huyo ni mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua pa kusimama. Asubuhi, bahari iwe mgongoni kwako, ili jua limpige ndege usoni. Usiipuuze hatua hii. Siku moja nilisimama upande usiofaa, nikawatangazia wageni kwera wa minazi watatu. Tulipozunguka mti, wote watatu macho mekundu! Ndege akiwa kivulini kila jicho huonekana jeusi.

Hatua ya 2: Darubini kwenye jicho. Dume la kwera dhahabu lina jicho jekundu lililopauka, karibu na waridi. La kwera wa minazi ni la kahawia iliyokoza, ukiwa mbali utasema jeusi. Subiri ageuze kichwa mara mbili tatu kabla hujafungua mdomo. Na kinda aliyekwisha kuruka asikuhadae: hata wa kwera dhahabu huanza na jicho la giza.

Hatua ya 3: Sasa kichwa. Kwera wa minazi kichwa chote ni rangi ya chungwa, kama embe lililoiva. Mwenzake ana manjano yenye chungwa kidogo tu, kama aliyepakwa zafarani kwa kidole.

Hatua ya 4: Majike. Hawa wamefifia na wanafanana mno. Mimi humngoja jike aingie kwenye kiota, kisha namtazama dume anayening'inia mlangoni akipiga mbawa. Asipoingia, naandika "kwera, jike" na kuendelea na safari.

Vijana wengine hutegemea programu ya simu iliyotengenezewa Afrika Kusini. Kwera dhahabu yumo, maana anafika hadi huko. Kwera wa minazi hayumo, yeye ni wa upande wetu huu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo simu itakupa jina la mwenzake kila mara.