Pindua viatu kabla ya kupanda mlima
Kabla hujaingia kwenye hifadhi ya mlima, pindua viatu uangalie soli. Ule udongo mkavu ulioganda kwenye meno yake mara nyingi una mbegu za magugu ya huku chini, na zikidondoka kule juu huweza kuota na kuibana mimea isiyopatikana kwingine. Chokonoa kwa kijiti, piga brashi, osha, kausha. Usisahau kamba, soksi na pindo za suruali. Vimbegu vyenye miiba hung'ang'ania hapo (mimi huvikuta hata kwenye mikunjo ya hema). Na njiani ukikuta tope, pita humohumo katikati. Ukilikwepa, unakanyaga mimea ambayo kwa baridi ile hukua taratibu mno, na njia inazidi kupanuka.