Kokasi ya mtaa: jinsi ya kuukuza uhuru ndani ya chama cha Republican, hatua kwa hatua kutoka Minnesota

Jumanne ya tarehe 7 Februari 2012, Warepublican wa jimbo la Minnesota, Marekani, walikutana kwenye kokasi zao, yaani mikutano ya mtaa ambako wafuasi wa chama hupiga kura ya maoni na kuchagua wajumbe wa ngazi inayofuata. Usiku huo habari zilitangaza kwamba Rick Santorum, mmoja wa waliotaka kuwa mgombea urais wa chama, ameshinda, na kweli alipata takriban asilimia 45 ya kura. Ron Paul, mbunge wa Texas na mlibatariani mwenzetu, alikuwa wa pili kwa asilimia 27 hivi. Agosti ilipofika, wajumbe 40 wa Minnesota wakaenda Tampa kwenye mkutano mkuu wa taifa wa kumteua mgombea urais, na 32 kati yao walikuwa watu wa Ron Paul.

Hakuna aliyeiba kitu. Kura ile ilikuwa ya maoni tu, haikumfunga mjumbe yeyote. Wengi waliipiga, wakavaa makoti, wakaenda kulala. Waliobaki chumbani ndio waliochagua wajumbe. Mwongozo huu wote unahusu kubaki chumbani.

Sisi walibatariani tunataka serikali ndogo, kodi ndogo, vita vichache, na mtu aachwe aendeshe maisha yake maadamu hamdhuru mwenzake. Mara nyingi naulizwa kwa nini hatujitengi na chama cha Republican. Ron Paul mwenyewe alijaribu: mwaka 1988 aligombea urais kwa chama cha Libertarian akapata chini ya asilimia 1, kisha akarudi Republican na kushinda tena ubunge Texas mwaka 1996. Tangu 1991 kuna kikundi cha Republican Liberty Caucus kinachofanya kazi hiyohiyo humo ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kushiriki. Ni lazima uwe raia, uishi katika mtaa huo wa uchaguzi, na uwe na sifa za kupiga kura ifikapo uchaguzi mkuu ujao. Ndugu zangu wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani bila uraia, nawasihi: msijiandikishe kupiga kura wala msipige kura yoyote. Kosa hilo linaweza kukunyima uraia na hata kukufukuzisha nchini. Kazi za kujitolea, kama kupiga simu au kuwabeba majirani kwenye gari lako, unaruhusiwa.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kazini. Kokasi huanza saa 1 usiku, na wengi wetu tuna zamu za usiku kwenye nyumba za wazee au maghala. Sheria ya Minnesota inakupa haki ya kutokuwepo kazini ili uhudhurie, mradi umpe mwajiri taarifa ya maandishi siku 10 kabla. Iandike, ubaki na nakala.

Hatua ya 3: Tafuta watu watano. Hamsini hawahitajiki. Nimekaa kwenye vyumba vya kokasi vyenye watu wanane, na hapo watano mnaamua kila kitu. Anza na jirani anayelalamikia kodi anayoilipa serikali kwa nyumba yake au kibali cha biashara. Usimpe hotuba ya falsafa, msikilize.

Hatua ya 4: Usiku wenyewe. Hapa ndipo wageni hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole. Fika nusu saa kabla, saini daftari, kaa mbele. Watamchagua mwenyekiti wa kikao. Kama hakuna anayeitaka kazi ya katibu au ya kuhesabu kura, inua mkono. Kura ya maoni ikipigwa, nusu ya watu watasimama waondoke. Watu wako wasitikisike. Mwenyekiti atauliza nani anataka kuwa mjumbe wa mkutano unaofuata. Jitaje, mtaje mwenzako, sema kwa sentensi mbili unaishi wapi na kwa nini unataka kwenda. Nafasi zikijaa, omba kuwa mjumbe wa akiba. Usiidharau nafasi hiyo, kwa sababu asubuhi ya mkutano wapo wajumbe ambao hawatatokea, na wa akiba hupandishwa palepale.

Kisha huja maazimio. Yeyote chumbani anaweza kuleta moja, nalo likipita hupelekwa mbele kuombewa nafasi katika ilani ya chama. Liandike nyumbani, sentensi moja, jambo moja. Linalogusa maisha ya watu hupita kirahisi. Mfano mzuri ni kusuka nywele: hadi mwaka 2019 msusi wa Minnesota alitakiwa kuhudhuria mafunzo ya saa 30 na kujisajili serikalini, kwa kazi aliyofundishwa na mama yake barazani. Kila mwenye binti anaelewa hilo bila kufafanuliwa.

Hatua ya 5: Panda ngazi. Baada ya mtaa kuna mkutano wa eneo, halafu wilaya ya bunge, halafu jimbo zima. Jifunze kanuni za Robert za kuendesha vikao: hoja, marekebisho, hoja ya utaratibu. Beba chakula na chaja. Vikao huburuta hadi jioni, na kura nzito huja watu wameshachoka. Mgombea anahitaji asilimia 60 ya wajumbe ili aidhinishwe na chama, kwa hiyo kiti kimoja kitupu ni hasara ya kweli.

Hatua ya 6: Usiwafanye wenyeji wa chama maadui. Kule Tampa baadhi ya wajumbe wa Ron Paul kutoka Maine walinyang'anywa viti, na kanuni ikabadilishwa: mgombea akatakiwa kuungwa mkono na wajumbe wa majimbo manane badala ya matano ili jina lake lipelekwe mbele kupigiwa kura ya uteuzi. Iliuma, na naamini ilikuwa dhuluma. Lakini na sisi tulikosea. Mwaka huohuo wajumbe wetu walimwidhinisha Kurt Bills kugombea useneti, na Novemba Amy Klobuchar wa chama cha Democratic akamshinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Tulikuwa na wajumbe, hatukuwa na majirani.

Kwa hiyo kokasi ikiisha, saidia kukunja viti na uongee na yule mama aliyekuwa mtaani hapo miaka thelathini. Mwombe namba. Mpigie Juni, wakati huna la kumwomba. Oktoba, mkagonge milango ya mtaa wenu pamoja.