Udongo wa Kunasa Sumukuvu Kwenye Chakula cha Mifugo

Pumba na mashudu vinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hata kama havinuki wala havionyeshi ukungu. Aflatoksini ndiyo ya kuogopwa zaidi: huharibu ini la kuku na kushusha utagaji, na kwa ng'ombe wa maziwa sehemu yake huingia kwenye maziwa, ambako hata kuchemsha hakuiondoi. Mtoto wako ndiye anayeyanywa.

Udongo wa kunasa sumu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, mwingi ukiwa bentonaiti, una matabaka membamba mno. Aflatoksini ina umbo bapa, hivyo tumboni hupenya kati ya matabaka hayo, ikanasa humo na kutoka na kinyesi. Zearalenoni, sumukuvu nyingine inayovuruga uzazi wa nguruwe, hainaswi vizuri na bentonaiti ya kawaida. Ndiyo sababu viwanda vingine huubadili udongo kwa chumvi za kikaboni ili uipokee. Soma lebo. Ikitaja aflatoksini peke yake, usitarajie zaidi ya hapo.

Kipimo hufuata lebo. Mara nyingi ni kilo 2 hadi 5 kwa tani, yaani gramu 100 hadi 250 kwa gunia la kilo 50. Changanya kwanza na kilo chache za pumba, kisha ndipo uchanganye na chakula chote. Ukiumwaga juu ya rundo na kugeuza mara mbili tatu kwa koleo, kuku mmoja atapata udongo mwingi na mwingine atabaki na sumu.

Wafugaji wa kuku, hapa tuwe makini: udongo hunasa dawa pia. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka uepukwe unapowapa kuku robenidini, dawa ya koksidiosi (ugonjwa wa kuhara damu), na unapotoa antibiotiki za kundi la tailosini. Muulize mtaalamu wa mifugo kabla ya kuchanganya.

Tena, usichimbe udongo wako mtoni. Mwaka 1997 nchini Marekani, udongo wa mgodini uliotiwa kwenye chakula cha mifugo ulikutwa na dioksini, kemikali yenye sumu kali, na sumu hiyo ikaingia kwenye kuku na samaki wa kufugwa.

Kazi kubwa bado iko ghalani: mahindi yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Chakula kilichoota ukungu kifukie. Usimpe hata mbwa, maana aflatoksini humuua upesi.