Taimingi inayogoma baada ya kufumua injini: anza na pistoni, distribyuta baadaye

Kwa siku nne nilizungusha distribyuta ya pikapu yangu ya mwaka 1972 (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi; ukikizungusha hubadilika taimingi, yaani wakati wa cheche) kama mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku. Injini ni ya petroli, silinda sita za mstari mmoja, na nilikuwa nimetoka kuifumua na kuifunga upya mwenyewe: ringi mpya, bearingi mpya, valvu zimesagwa. Taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli kila plagi ya kwanza inapopiga cheche, ilionyesha digrii 4 kabla ya pistoni kufika juu, vilevile kitabu kinavyotaka. Lakini gari lilikuwa zito, manifoldi ya egzosi ilipata moto hadi ikabadilika rangi, na kila mwinuko ulipandisha mshale wa joto.

Kosa langu ni kwamba niliiamini alama ya kwenye puli ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni). Puli nyingi za zamani ni vipande viwili, kitovu katikati na ringi ya nje, vilivyoshikanishwa kwa mpira. Mpira wa miaka hamsini huchoka, ringi ikateleza, na alama ikaondoka nayo. Ukiangalia kwa macho huoni kitu. Taa nayo haina kosa, inamulika alama uliyoipa.

Kwa hiyo usiguse distribyuta kabla hujajua pistoni ya kwanza iko wapi.

Chomoa waya wa betri, toa plagi zote. Tafuta plagi chakavu, vunja kauri yake (vaa miwani), ubaki na ganda la chuma. Pitisha humo boliti ndefu, ncha yake uisugue iwe butu, uikaze kwa nati. Ifunge kwenye silinda namba 1 pistoni ikiwa chini. Sasa zungusha injini kwa mkono, taratibu, hadi pistoni iguse boliti na kukataa kwenda. Weka alama ya chaki kwenye puli, mkabala na mshale wa taimingi ulio kwenye injini. Rudisha injini upande wa pili hadi ikatae tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo juu ya kweli. Usijaribu kufanya hivi kwa stata, utatoboa pistoni. Kama puli yako haina boliti ya kushikia spana, sukuma meno ya flaiwili kwa bisibisi kubwa.

Mzingo wa puli yangu ni milimita 540, kwa hiyo digrii moja ni milimita 1.5. Kutoka alama ya kiwanda hadi alama yangu kulikuwa na milimita 18. Digrii 12! Nilipojidanganya kuwa niko digrii 4 kabla, moto ulikuwa unawaka digrii 8 baada ya pistoni kuanza kushuka. Petroli ilikuwa inamalizia kuungua kwenye manifoldi, ndiyo sababu ya rangi ile. Unaweza kupiga alama mpya kwa rangi nyeupe ili umalize uchunguzi, lakini puli ibadilishe, maana ringi iliyoteleza mara moja itateleza tena.

Ukishapata juu ya kweli, hakikisha ni juu ya kompresheni (pistoni inapomaliza kubana hewa na petroli), kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi. Kwenye silinda sita za mstari mmoja mpangilio wa moto kwa kawaida ni 1-5-3-6-2-4, na namba 1 hupanda pamoja na namba 6. Fungua kifuniko cha valvu: valvu za namba 6 zikiwa zinapokezana, moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, namba 1 iko kwenye kompresheni, na rota (mkono unaozunguka ndani ya distribyuta) inapaswa kuelekea waya wa plagi ya kwanza. Ikielekea waya wa namba 6, umeiingiza kinyume. Injini ya namna hiyo haiwaki. Hutema moto kwenye kabureta tu. Usiinamishe uso hapo.

Kurudisha distribyuta kuna ujanja wake. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo rota hugeuka kidogo inapozama. Ianzishe nyuma kidogo ya unapotaka ifike. Kwenye injini nyingi shafti hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili, na isipokaa kwenye mfereji wa pampu itabaki imeinuka milimita kadhaa. Usiivute chini kwa boliti. Itoe, geuza shafti ya pampu kwa bisibisi ndefu, jaribu tena.

Kuna wanaohofia kwamba gia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ilifungwa ikiwa imeruka jino moja. Wana haki, ingawa halitokei mara nyingi kama tunavyosema gereji. Gia ya krankshafti ikiwa na meno 20, jino moja ni digrii 18, na hakuna distribyuta inayoweza kuponya hilo. Dalili yake ni kompresheni iliyoshuka kwa kiasi kile kile kwenye silinda zote, na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) iliyo chini huku mshale wa geji yake umetulia. Injini nzima huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki bila kukanyaga mafuta. Ukiona 12, na taimingi ya moto ni sahihi, na hakuna hewa inayoingia pembeni, fungua kifuniko cha mbele.

Yakiwa salama hayo, ndipo taa ina maana. Weka kwanza pengo la platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche itoke), kwa sababu pengo likiongezeka moto unawahi na likipungua unachelewa. Anayepanga taimingi kisha akagusa platini anarudia kazi. Chomoa hosi ya vakyumu iliyo kwenye distribyuta, izibe, punguza mzunguko hadi ule wa kitabu, ndipo upange.

Sasa ongeza mafuta taratibu. Alama inapaswa kusogea polepole bila kurukaruka, na injini nyingi za zamani hufika jumla ya digrii 28 hadi 36 kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Isiposogea, vizito vya ndani ya distribyuta vimeganda kwa grisi kavu. Ikisogea na isirudi, springi imekatika au imelegea. Ikitetemeka huku na huku hata mzunguko ukiwa umetulia, shika rota uitikise kando: ikicheza, bushi ya shafti imekwisha, nayo haitibiki kwa kuzungusha chochote.

Mwisho, toka nalo barabarani likiwa limepata joto. Tafuta mwinuko, tia gia ya juu, kanyaga. Likigonga kama kokoto ndani ya kopo, rudisha digrii 2 ujaribu tena. Stata ikishtuka kama imepigwa teke injini ikiwa ya moto, hapo pia umewahisha mno. Langu lilitulia kwenye digrii 6, mbili zaidi ya kitabu, na manifoldi haijabadilika rangi tangu siku hiyo.