Kabla ya kufunga shawa ya umeme: hesabu ya omu, ampea na wati

Shawa ikiandikwa wati 5500, wanunuzi wengi huishia kwenye namba hiyo, kisha wanamwita fundi. Lakini wati hizo zinatoka kwa volti iliyoandikwa pembeni yake, na shawa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimeandikwa 220 V. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Soma namba zote mbili kabla hujalipa. Zipo pia shawa za 127 V, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na hizi. Ya 127 V irudishe dukani, kwa sababu ukiifunga kwenye volti 230 itataka kuvuta zaidi ya wati 18,000, na koili, yaani waya wa ndani unaochemsha maji, itakatika papo hapo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu: volti mara volti, gawa kwa wati. 220 × 220 ni 48,400. Gawa kwa 5500 unapata omu 8.8. Namba hii iandike mahali, maana ndiyo utakayoitumia hadi mwisho. Wati hupanda na kushuka kufuatana na umeme unaoingia, lakini omu za koili ya nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu) hubadilika kidogo mno hata ikiwa ya moto. (Balbu ya zamani ya waya haiko hivyo: ikiwa baridi, omu zake hazifiki hata sehemu ya kumi ya zile za ikiwaka, kwa hiyo usiikokotoe kwa kuipima ikiwa imezimwa.)

Sasa iweke shawa hiyo kwenye umeme wako. Volti 230 gawa kwa 8.8 ni ampea 26.1, na 230 × 26.1 ni wati 6000 hivi. Kwa volti 240 inakuwa ampea 27.3 na wati 6545, yaani elfu moja na ushee juu ya kilichoandikwa. Waya na breka vichaguliwe kwa hesabu hii, kibandiko hakitoshi.

Upande wa pili ni umeme mdogo. Pima volti za nyumba saa moja hadi saa tatu usiku, majirani wakiwa wanapika, na wewe mwenyewe ukiwa umewasha birika na pasi. Volti inayopimwa bila mzigo wowote hudanganya. Ukipata 200, shawa itavuta ampea 22.7 na kutoa wati 4545 tu. Ukipata 180, wati 3680. Maji yatakuwa vuguvugu na shawa haina kosa lolote. Wapo wanaoamini kwamba volti ikishuka, ampea lazima zipande. Hilo hutokea kwa mota, kama ya pampu au friji, ambayo hung'ang'ania kazi yake ileile. Koili haifanyi hivyo.

Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 2990 kwa volti 230. Kwa hiyo shawa haichomekwi kwenye soketi hata siku moja. Inapewa laini yake kutoka kwenye meni swichi. Hapo jiulize umbali. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una omu 7.41 kwa kilomita. Bafu likiwa mita 20 kutoka kwenye meni, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 40: omu 0.3. Ampea 26 zikipita humo, volti karibu 8 zinapotea njiani na wati 200 zinachemsha ukuta badala ya maji. Waya wa 6 una omu 3.08 kwa kilomita, na hasara inashuka hadi wati 83. Chukua wa 6, na breka ya ampea 32. Breka ya 32 juu ya waya wa 2.5 ni hatari tupu, kwani waya utaungua breka ikiwa imetulia.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye viungo. Skrubu ya konekta ikilegea kidogo tu na kuongeza omu 0.1, piga hesabu: 26 × 26 × 0.1 ni wati 68. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu risasi, limefungiwa ndani ya plastiki ndogo kama kidole gumba. Plastiki inageuka kahawia, kisha inanuka, kisha inayeyuka. Safisha shaba, kaza skrubu, na uzirudie kuzikaza baada ya wiki kadhaa za matumizi.

Ethi na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30 havina mjadala, maana katika nyingi ya shawa hizi koili yenyewe inaguswa na maji.

Ukitaka kupima omu, zima meni kwanza. Gusanisha ncha za mita; ikisoma 0.3, zitoe kwenye jibu lako. Ukipima kwenye nyaya za shawa mita itaonyesha OL (hakuna njia ya umeme), ukadhani koili imekatika; kumbe swichi ya ndani huunganisha umeme pale tu inaposukumwa na maji. Pima kwenye koili yenyewe.

Kipimo cha mwisho afanye fundi, maji yakitiririka na kitufe kikiwa kwenye moto wa juu. Mita ya kubana, ile inayopima ampea kwa kuuzunguka waya, ishike waya mmoja tu, kwani ikishika nyaya zote mbili itasoma sifuri. Papo hapo asome volti kwenye meni na kuzigawa kwa ampea. Kwa waya wa 6 wa mita 20, jibu liwe karibu na omu 8.9. Likija 9.4, ile nusu omu ya ziada imejificha kwenye kiungo fulani na inatoa wati 300 za joto. Zima, tafuta kiungo hicho kabla mtu hajaoga.