Namna ya Kuandaa Maudhui ya Tovuti kwa Kila Aina ya Simu kwa Kusoma Vichwa vya Ombi

Kivinjari kinapoomba ukurasa hutanguliza mistari michache iitwayo vichwa, na kwa mistari hiyo seva hupata kujua inahudumia kifaa cha namna gani kabla haijatuma chochote.

Hatua ya 1. Anza na kichwa cha Accept. Kikitaja image/avif au image/webp, tuma picha ya aina hiyo. Kisipotaja, tuma JPEG. Hapa hakuna kubahatisha, kwani kivinjari chenyewe kimeeleza kinachoweza kukifungua.

Hatua ya 2. Soma User-Agent, yaani kichwa ambacho kivinjari hujitambulisha nacho, kwa tahadhari kubwa. Wengi huandika orodha ndefu ya majina ya simu, nayo huchakaa upesi: tangu mwaka 2023 Chrome ya Android huandika "Android 10; K" hata simu ikiwa mpya kabisa, na tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, Safari ya iPad kwa kawaida hujitambulisha kama kompyuta ya Mac. Tafuta neno "Mobile" tu, na usijenge jambo lolote zito juu yake.

Hatua ya 3. Omba maelezo zaidi. Kwenye Chrome, kichwa cha Sec-CH-UA-Mobile chenye ?1 (yaani "ndiyo, ni simu") huja bila kuombwa, lakini ukitaka upana wa eneo linaloonyesha ukurasa, seva sharti kwanza ijibu kwa kichwa cha kuomba maelezo, Accept-CH: Sec-CH-Viewport-Width, ndipo maombi yanayofuata yaulete. Utaratibu huu hufanya kazi kwenye HTTPS (muunganisho uliosimbwa) pekee, na Safari na Firefox haziufuati. Kwa hiyo weka daima upana wa kutumia pale kichwa hicho kisipokuja.

Hatua ya 4. Weka kwenye jibu kichwa cha Vary, kinachotaja ni kichwa gani cha ombi kilichoamua jibu hilo. Usipoandika Vary: Accept, kache (hifadhi ya muda ya nakala) iliyo kati ya seva na simu inaweza kuhifadhi picha ya AVIF na kumpa mwenye simu isiyoweza kuifungua, na kosa hilo ni gumu kuligundua kwa sababu kwenye simu yako kila kitu kitaonekana sawa.

Maswali na majibu

Swali: Kwa nini nisitumie Vary: User-Agent?
Jibu: Thamani zake ni nyingi mno, hivyo kache hutunza nakala chungu nzima za ukurasa uleule na kusaidia kidogo sana.

Swali: Nikipokea kichwa cha Save-Data: on nifanye nini?
Jibu: Mtumiaji ameomba kubana matumizi ya data. Punguza ubora wa picha na uzuie video kujianzisha, lakini usimpunguzie maandishi.

Swali: Je, vichwa vinaweza kuchukua nafasi ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa?
Jibu: Hapana. Simu ikilazwa ukurasa ukiwa umeshafunguka, seva haina habari. Mpangilio uachie CSS.