Jinsi ya Kuuandaa Mwili kwa Upigaji Mbizi wa Kiufundi Ukiwa Kisumu

Upigaji mbizi wa kiufundi ni ule unaovuka kina cha mita 40, ambacho ndicho kikomo cha wapiga mbizi wa burudani, au ule unaomlazimu mtu kusimama kwa muda katika vina maalumu kabla ya kutoka majini. Wakenya wengi waliusikia mwaka wa 2019, wakati gari lililotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni lilipopatikana katika kina cha takriban mita 58. Mpiga mbizi wa Kisumu mwenye cheti cha burudani anayetaka kufikia kiwango hicho, iwe ni kwa kazi ya uokoaji au kwa safari za Pwani, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya vifaa. Ningemshauri aanze na pumzi zake.

Sababu yake ni hii. Katika kina cha mita 40 baharini, hewa unayoivuta ina uzito mara tano ya ile ya juu, kwa hiyo mapafu hutumia nguvu nyingi kuivuta na kuitoa. Mtu akilazimika kupiga miguu kwa bidii dhidi ya mkondo, kabonidioksidi hujilimbikiza mwilini, naye huanza kuhema, kuchanganyikiwa na kushikwa na hofu, ilhali hawezi kukimbilia juu kwa sababu bado anadaiwa vituo vya kupandia, yaani kule kusimama katika vina maalumu ili nitrojeni iliyoingia mwilini itoke polepole. Wataalamu hupendekeza hewa ya kupumua isizidi gramu 5.2 kwa lita, kiwango ambacho hewa ya kawaida hukifikia karibu na mita 31, na ndiyo maana wapiga mbizi wa kina huchanganya heliamu, gesi nyepesi, katika hewa yao. Hata hivyo, mchanganyiko huo haumwondolei mtu haja ya kuwa na akiba ya nguvu.

Viwango vya mashirika ya mafunzo hutofautiana. Shirika la GUE, ambalo ni miongoni mwa yale makali zaidi, humtaka mwanafunzi wa kozi ya msingi aogelee mita 275 bila kusimama kwa muda usiozidi dakika 14, na kuogelea mita 15 chini ya maji kwa pumzi moja. Katika kozi ya kwanza ya kiufundi, umbali huo hupanda hadi mita 375 kwa dakika zizo hizo 14, na mita 18 kwa pumzi moja. Mvutaji sigara hapokelewi. Kwenye kidimbwi cha mita 25, mita 375 ni kwenda mara 15, kila mara kwa sekunde 56. Kwa maoni yangu hicho ni kiwango cha chini mno cha kujivunia, kwa hivyo lenga kukimaliza ukiwa bado unaweza kuzungumza bila kukatizwa na pumzi.

Kabla ya zoezi lolote, mwone daktari. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 45, shinikizo la damu, kisukari, pumu au jamaa wa karibu aliyeugua moyo angali kijana anapaswa kuomba moyo wake upimwe akiwa katika mazoezi, kwani moyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wapiga mbizi wenye umri mkubwa. Mweleze daktari waziwazi kwamba utabeba mzigo mzito na kufanya kazi chini ya maji, maana si kila daktari amewahi kumpima mpiga mbizi.

Msingi wa stamina hujengwa nchi kavu. Vilima vya Riat vinatosha: panda kwa mwendo wa haraka au ukikimbia polepole mara tatu kwa wiki, dakika 40 hadi 60, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza. Baada ya mwezi mmoja hivi, geuza siku moja iwe ya vipindi vifupi vya nguvu, dakika tatu za kupanda kwa bidii zikifuatwa na dakika tatu za kushuka taratibu. Wakimbiaji wetu, ambao eneo hili halina uhaba wao, wasidhani kwamba mbio pekee zinatosha, kwa kuwa mapezi ya miguuni hutumia nyonga na vifundo kwa namna ambayo barabara haifundishi, na mikakamao ya misuli huwapata upesi. Kwa hiyo ogelea mara mbili kwa wiki, mara moja kati ya hizo ukiwa na mapezi.

Mitungi miwili ya chuma ya lita 12, ikijazwa na kufungwa kwenye bamba lake, hufikia kilo 40 au zaidi. Jaza maji madumu mawili ya lita 20, yabebe mkono huu na huu, utembee mita 50, upumzike, kisha urudie huku mgongo umenyooka. Ongeza kuchuchumaa na kupanda ngazi ukiwa na mzigo mgongoni. Mabega nayo husahaulika sana: lazima mkono ufike nyuma ya kichwa kufunga vali ya mtungi inayovuja, na wengi hukwama hapo, wenye misuli mikubwa wakiwa wa kwanza. Shika taulo nyuma ya mgongo, mkono mmoja juu na mwingine chini, uvute taratibu kila siku.

Zoezi la kubana pumzi lisifanywe ukiwa peke yako, wala usiheme kwa haraka kabla ya kuzama, kwa sababu mtu anaweza kuzirai majini bila dalili yoyote. Mazoezi haya yote ya kuogelea yafanyie kidimbwini. Ufuoni mwa ziwa kuna kichocho, viboko na magugumaji, na maji yake ni machafu kiasi kwamba mwenzako hatakuona ukizama.

Siku ya kupiga mbizi, acha mazoezi mazito, na ukishatoka majini usinyanyue mitungi kwa kujikaza, kwani viputo vya nitrojeni vingali mwilini. Kumbuka pia kwamba Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari: mita 30 za ziwani huhesabiwa kwenye majedwali ya kupangia mbizi kama mita 33 au 34 za baharini, na kompyuta ya mbizi inayovaliwa mkononi lazima iwe imerekebishwa kwa mwinuko huo.

Kwa asiyeishi Kisumu, tatizo kubwa zaidi ni barabara ya kurudi nyumbani. Anayetoka ziwani na kupanda matatu ya Nakuru hupita Kericho na Mau Summit, ambako mwinuko unazidi mita 2,000, na mwili wake hupata athari ileile ya kupanda ndege: kanieneo ya hewa hupungua na viputo hukua. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, kuhusu kupanda ndege ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo, saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na muda mrefu zaidi ya huo baada ya mbizi yenye vituo. Kwa hiyo weka pesa za kulala Kisumu kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo.